Kiti Kilichotazama Ukuta

Majirani zangu, leo nimeweka randa chini nikashika kalamu, kazi ambayo mke wangu anasema haijawahi kunifaa. Mnanijua. Mimi ndiye seremala wa mtaa huu, yule mnayemwita Randa kwa sababu mlango wenu ukigoma kufunga mnatuma mtu aje kunichukua. Nimesikia mnavyoisimulia habari ya mtoto wa fundi cherehani. Wengine mnasema mama yake ni mzembe. Wengine mnasema ni mambo ya kisasa, eti mtoto wa miezi sita anajilisha mwenyewe, wapi na wapi. Kila mmoja ana mtuhumiwa wake, na hakuna hata mmoja aliyenitaja mimi. Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa, tukimaliza mnitaje.

Nyumba ya fundi cherehani inatazamana na karakana yangu. Chumba cha mbele ndicho kazini kwake: cherehani imewekwa dirishani, katikati meza ya kukatia, nguo za wateja zimetundikwa ukutani, na sakafuni vipande vya vitambaa hata ukifagia haviishi. Vyumba vya nyuma anaishi na mumewe, anayesambaza mikate madukani kwa gari la kiwanda, pamoja na mama mkwe wake na mtoto wao wa kwanza, ambaye mtaa mzima tunamwita Bosi. Jina hilo alilipata kwa ukaaji wake. Alipotimiza miezi sita alikuwa ameshajua kukaa wima bila kuegemea, na alikuwa akimtazama kila anayeingia kana kwamba mtu huyo amechelewa kazini.

Nakumbuka asubuhi moja nilipeleka suruali yangu kuwekwa kiraka. Bosi alikuwa kwenye mkeka, mama yake amekaa chini mkabala naye, na kati yao kulikuwa na vipande vya boga lililochemshwa, virefu kama kidole changu. Mtoto alishika kimoja kwa ngumi, akakibandika shavuni, akajaribu sikio, hatimaye akaupata mdomo. Akanyonya. Akakunja uso kama hakimu, halafu akafungua mkono kuomba kingine. Nilicheka mpaka nikasahau suruali.

Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Yeye alilea watoto watano kwa njia yake: mtoto anapakatwa, kichwa kinashikwa, uji unamiminwa kwenye kiganja na kiganja kinawekwa mdomoni, atake asitake.

"Mtoto mchanga ajilishe?" Bibi aliuliza. "Na wewe utakuwa unafanya kazi gani?"

"Ndivyo tulivyofundishwa kliniki, Mama," mkwewe alimjibu kwa adabu. "Chakula kiwe laini, ukikiminya kwa vidole viwili kisagike. Ale kwa mkono wake, ashibe kwa tumbo lake. Na mtu akae mbele yake mpaka amalize."

Wakati huohuo Bosi akakohoa. Macho yakawa mekundu, akakohoa tena kwa kelele. Bibi aliacha kikombe akaruka, lakini mkwewe alimzuia kwa mkono.

"Mwache, Mama. Muuguzi alisema akikohoa na kulia, hewa inapita, atakitoa mwenyewe. Akinyamaza ndipo pa kuruka."

Kweli, Bosi alikitema kipande, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Sote tulicheka, hata Bibi kidogo. Maneno ya muuguzi niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Ila nusu ya kwanza tuliipenda, tukawa tunaisimulia kila mahali. Nusu ya pili ilibaki palepale kwenye mkeka.

Sasa naingia mimi. Fundi cherehani aliniambia mgongo unamuuma kwa kukaa chini mara tatu kwa siku, nimtengenezee mtoto kiti cha kimo cha meza. Kazi hiyo niliipenda kuliko vitanda na makabati yote niliyowahi kuyapiga msumari. Nilikipiga msasa mpaka ungeweza kukipitishia hariri. Nikaweka kibao cha mbele cha kuwekea chakula. Nikaweka mkanda wa ngozi wenye kifungo nyuma, ambacho hata mtu mzima anahangaika nacho, maana nilitaka mtoto asianguke kamwe. Na juu ya hayo, bila kuombwa na mtu, nikatia magurudumu manne chini.

"Magurudumu ya nini, kaka Randa?" aliniuliza.

"Umgeuze unakotaka," nikamjibu kwa maringo. "Hiki si kiti tena, hiki ni yaya. Mweke, mfunge, kafanye kazi zako."

Sentensi hiyo ilimchekesha. Mimi nikaona nimepata tangazo. Kila aliyesimama karakanani nilimwambia hivyohivyo: mweke, mfunge, kafanye kazi zako. Katika miezi miwili nikauza viti vingine vinne.

Mambo hayakuharibika siku moja. Mwanzoni fundi alikaa mbele ya kiti kama alivyokaa mkekani. Kisha kazi zikaongezeka, akawa anakaa kwenye cherehani lakini akimtazama mtoto kila baada ya mshono. Kisha Bosi, ambaye mkono wake ulikuwa umepata nguvu, akarusha boga likatua kifuani mwa koti jeupe la mpishi wa hoteli, siku ya kuchukuliwa. Fundi alilia. Alilifua, alilisugua kwa sabuni ya kipande, na doa likabaki palepale. Kuanzia hapo wakati wa kula Bosi akawa anageuzwa kutazama ukuta. Kwa magurudumu yangu kazi hiyo ilichukua nukta moja, na ukuta haukuwa na nguo ya mteja.

Kuchemsha nako kukaonekana kunachelewesha. Siku moja alimkatia karoti mbichi, ndefu na nene, na Bosi akaiguguna kwa meno yake mawili ya chini bila kuvunja kitu. Baba yake aliposikia alivimba kichwa. Kila duka aliloshusha mikate alisimulia: "Mwanangu hana miezi tisa, anakula karoti mbichi! Hatumlishi, anajilisha!" Wenye maduka walimpongeza. Karoti mbichi ikawa chakula cha kila siku, na kila siku ikawa inakatwa nyembamba kidogo ili ashike vizuri.

Na Bibi je? Bibi alisusa. "Mimi mambo yangu ni ya kizamani," aliniambia siku moja akichambua mboga uani. "Basi wa kisasa wamwangalie." Alidhani mkwewe, aliyekaa hatua tatu kutoka kwa mtoto, anamwona. Mkwewe naye alidhani Bibi, aliyekaa uani mlango ukiwa wazi, anamsikiliza. Mtoto mwenye walinzi wawili akawa hana hata mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Jumamosi kulikuwa na harusi na gauni la bibi harusi lilikuwa bado halina pindo. Lilijaza meza yote, jeupe pe, likamwagika mpaka chini juu ya shuka safi. Fundi alikuwa amewasha cherehani ya umeme aliyoazimwa na mwenzake, inayonguruma kuliko ile ya miguu. Mimi niliingia kuchukua aproni yangu niliyompa anishonee.

"Karibu kaka, pita pembeni usikanyage gauni," alisema bila kuinua macho.

"Naona leo Bosi ametulia."

"Wee acha tu. Ametulia tangu nimeanza upande huu. Mungu ampe maisha, leo amenionea huruma."

Nikamsalimu mtoto kama kawaida yangu: "Bosi, hujambo?" Kila siku akisikia sauti yangu hupiga kibao kwa viganja vyote viwili. Safari hii hakupiga. Niliona kisogo chake tu, na kichwa kilikuwa kimeinama kidogo upande. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilipita kati ya kiti na ukuta nimwone uso.

Macho yalikuwa wazi, yamenitazama. Mdomo ulikuwa wazi, na hakuna kilichoingia wala kutoka. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi, na mikono yake midogo ilikuwa ikikamata hewa. Hakukuwa na kikohozi, hakukuwa na kilio. Alikuwa ameuita ukuta, na ukuta haukuitika.

"Mtoto!" Hilo ndilo neno pekee nililoweza. Mimi ninayebeba mbao begani kutwa nzima nilisimama kama gogo.

Mama yake aliruka juu ya gauni. Alishika mkanda, akavuta kifungo, kifungo kikakataa. Kifungo changu kile, majirani, nilichojisifia. Akavuta tena. Halafu akanyoosha mkono mezani, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akautia chini ya ngozi na kuikata kwa mkato mmoja. Akamtoa mtoto.

Bibi alikuwa ameshafika kwa kelele zangu, kikombe cha maji mkononi na kidole kimenyooka. "Mpe maji! Nipe nimtie kidole, nimtoe!"

"Usitie kidole, Mama! Utakisukuma ndani! Wala maji!"

Sijawahi kumsikia mama yule akipandisha sauti kwa mama mkwe wake, na tangu siku hiyo sijamsikia tena. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akamshika taya. Kwa kitako cha kiganja cha mkono wa pili akampiga mgongoni, katikati ya mabega. Moja. Mbili. Alikuwa akihesabu kwa sauti, kama walivyohesabu kliniki kwa mwanasesere wa kitambaa, siku ambayo yeye na wenzake walicheka mpaka wakakemewa. Tatu. Nne. Kipande cha karoti, si kikubwa kuliko kifungo cha shati, kikaanguka juu ya gauni jeupe.

Bosi akalia.

Nimesikia watoto wengi wakilia, na kwa kawaida hunikera. Kilio kile ningekisikiliza mpaka kesho. Bibi alikaa sakafuni palepale na kikombe chake. Fundi alimbana mtoto kifuani, akasema tu, "Alikuwa amenyamaza. Nilifurahi alivyonyamaza." Alilirudia hilo njiani kote tukielekea kliniki, mimi nikitangulia kuwapisha watu, viatu vyangu vikiwa na vipande vya uzi wa gauni.

Muuguzi alimpima mtoto, akamsikiliza kifua pande zote, akasema yuko salama ila abaki pale mpaka alasiri. Halafu akatugeukia.

"Nani alikuwa amekaa mbele yake?"

Bibi alimtazama mkwewe, mkwewe akatazama chini. Mwishowe nikasema mimi: "Alikuwa ametazama ukuta."

"Huo ukuta sikumbuki kuufundisha," muuguzi alisema. Hakucheka, na sisi hatukucheka. "Na karoti? Niliwaambia karoti ipikwe mpaka iminyike. Meno mawili hayasagi karoti, yanaimega tu."

Mngedhani hapo tulikuwa tumejifunza. Hapana. Mtu akishituka hukimbilia upande wowote ulio wazi. Jioni ile msambaza mikate alivuka barabara na kile kiti mikononi, akakibwaga mbele ya karakana yangu. "Chukua yaya wako," alisema, "kabla sijamfanya kuni." Nyumbani kwake Bibi alishinda kesi, kikombe cha uji kikarudi. Mtoto alipakatwa, kichwa kikashikwa, kiganja kikawekwa mdomoni. Na mama yake, aliyekuwa bado anaiona ile midomo kila akifumba macho, aliona heri uji kuliko kaburi. Unamlaumu? Mimi simlaumu.

Lakini Bosi alikuwa ameshaonja uhuru. Alipoona kikombe tu alifunga mdomo, akageuza shingo, akalia mpaka akatapika kilichoingia. Chakula kikawa vita mara tatu kwa siku, nasikia kelele zake mpaka karakanani. Siku ya kliniki mizani ilionyesha amepungua. Baba yake alikuwa amechukua ruhusa kazini ili aende naye, na muuguzi akawaambia wote watatu kwa pamoja: "Mtoto hakukosea kujilisha. Nyinyi mlikosea kumwacha. Rudisheni chakula mkononi mwake, na rudisheni macho yenu usoni mwake. Kimoja bila kingine sikukifundisha."

Siku iliyofuata fundi alisimama mlangoni pangu. "Kaka Randa, kile kiti ulikichoma?"

Sikuwa nimekichoma. Nilikuwa nimekitoa magurudumu yote manne, nikaweka mkanda mpya wenye kifungo cha mbele kinachofunguka kwa kidole kimoja. Nilikuwa nikisubiri kuombwa, kwa aibu. Alikizungusha, akakikagua chini, akaelewa. Alikipeleka kwake na kukisimamisha jikoni, kikiwa kimebanwa na meza ya chakula, mahali ambapo mtoto hawezi kutazama kitu kingine isipokuwa watu. Wakati wa kula cherehani inafunikwa kitambaa na mlango wa mbele unafungwa. Mteja akigonga, anasubiri. Yule bibi harusi, kwa taarifa yenu, gauni lake lilitoka na alama ndogo ya karoti ndani ya pindo, na ndoa yake haijavunjika.

Nilikuwepo mara ya kwanza. Boga lilikuwa laini, karoti imepikwa. Bosi alikitazama kipande muda mrefu kabla ya kukigusa. Bibi alikaa upande mmoja na sahani yake, mkwewe mbele. Mtoto alipopeleka mkono mdomoni, nilimwona Bibi ameshika ukingo wa meza.

"Sasa Mama," mkwewe akamwambia polepole, "si uliniuliza nitakuwa nafanya kazi gani?"

"Niliuliza."

"Ndiyo hii."

Bibi alivuta kiti chake karibu zaidi.

Nilibaki na deni langu mimi, lile la viti vinne. Nilichukua bisibisi nikazunguka nyumba kwa nyumba. Katika nyumba tatu nilipokewa vizuri: niliwaeleza, nikatoa magurudumu, nikabadilisha vifungo, nikaomba msamaha kwa sentensi yangu. Mmoja alinitania kwamba hajawahi kuona fundi anayefuata kazi yake baada ya kulipwa. Nikakubali.

Nyumba ya nne mlango ulikuwa wazi. Nilibisha hodi, sauti ya mama mwenye nyumba ikaitikia kutoka nyuma, kwenye kamba ya nguo: "Pita, naanika, nakuja!" Nikapita. Sebuleni kilikuwepo kiti changu, magurudumu manne chini, kimegeuzwa ukutani. Nikaona kisogo kidogo. Kilikuwa kimenyamaza.

Sijui niliivukaje sebule ile. Nilifika mbele ya kiti, nikainama. Mtoto wa kike, uso wote boga, hata kwenye nyusi. Alinitazama. Halafu akacheka, na kuninyooshea ngumi yenye kipande kilichopondeka, nami nionje.

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Bisibisi niliiacha mfukoni. Mama yake aliporudi na beseni tupu alinikuta bado nimekaa, machozi yananitoka, ninatafuna boga.

FUNZO

Mtoto anaweza kujilisha, hawezi kujilinda. Mpe chakula mkononi anapokuwa tayari: amekaa wima mwenyewe, chakula ni laini kinachominyika kwa vidole viwili. Usimshindilie kwa nguvu, maana tumbo ni lake. Lakini kaa mbele yake tangu kipande cha kwanza mpaka cha mwisho, na usimwachie mwingine macho yako kwa kudhani. Jifunze namna ya kumsaidia akikabwa kabla hajakabwa. Anayekohoa ana hewa. Anayenyamaza ndiye wa kukimbiliwa.

Na wewe unayeuza kitu, iwe kiti, iwe ushauri, chunga sentensi unayokiuzia. Yangu ilikuwa fupi na tamu, nikaisema kwa kujisifu, na ilikaribia kumuua mtoto wa jirani. Sasa mkisimulia habari hii, nami nitajeni.